Mama Mkwe na Magego ya Mtoto

Mke wangu alipoanza kupeleka mboga Dar es Salaam, mtoto wetu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Hatukupanga mambo hayo mawili yagongane. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, na kazi ilikuwa imenifia mkononi. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa, marobota yalipanda mlimani kila siku ya gulio, na mtu aliyezoea kuniletea kitambaa cha suruali sasa aliniletea suruali ya Mzungu nimpunguzie kiuno. Mke wangu aliona mapema kuliko mimi kwamba hatutakula kwa kupunguza viuno. Akaungana na kina mama wenzake, wakawa wananunua kabichi na karoti mashambani, wanapakia lori la jioni, wanashuka nalo mpaka Mombo na kukesha njiani mpaka Kariakoo. Huondoka leo, keshokutwa amerudi.

Mtoto alibaki na mimi. Mchana nilimlaza kwenye kitenge nyuma ya cherehani, kwenye baraza ya duka la jirani yetu, na yule mama mwenye duka alikuwa akimtupia jicho. Usiku tulikuwa wawili tu ndani. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki. Mama mkwe alikaa bonde la chini yetu, mahali ambapo ukisimama mlangoni kwetu unaona moshi wa jiko lake, lakini mke wangu alinikataza kumsumbua. "Baba hajiwezi," aliniambia, "na mama ndiye anayemgeuza kitandani. Mwache." Hata bila katazo hilo nisingethubutu. Kwa heshima ya ukwe, mimi na mama mkwe hatukuwahi kukaa chumba kimoja. Nikimwona njiani nilipiga kona. Naye akiniona alivuta ukaya usoni akageukia migomba.

Safari ninayoikumbuka ilikuwa wakati wa baridi, ule wa ukungu unaoingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Mtoto alikuwa na meno yake ya mbele, na sasa magego yalikuwa yanatafuta njia. Usiku wa kwanza alilia kwa vipindi. Nilimbeba mgongoni kwa kanga ya mama yake, nikazunguka meza, nikazunguka kitanda. Akitulia, nikimlaza, anaamka. Udenda ulimlowanisha kifua chote, ikabidi nimbadilishe nguo, na akibadilishwa kwenye baridi ile analia upya. Nilimpa uji, akautema. Nilimpa kidole, akakiuma kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyempandia meno.

Usiku wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mke wangu angerudi kesho yake, hivyo nilivumilia. Kesho yake hakurudi. Dereva mmoja aliyepanda kutoka Mombo akaleta habari kwamba lori lao limeharibika gia mbele ya Segera na wanasubiri kifaa. Nilimshukuru, nikarudi kwenye cherehani, nikashona zipu ya mteja upande wa ndani. Nikaifumua. Nikaishona tena vilevile. Nikapiga pasi suruali nyingine, nikasinzia nimesimama, na harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyoniamsha. Mwenye suruali alinitazama, akamtazama mtoto, akaichukua bila kusema kitu. Afadhali angenitukana.

Mama mwenye duka alikuja akaketi karibu yangu. Alimfungua mtoto mdomo kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hayo si meno ya kawaida, fundi. Ona ufizi ulivyovimba. Hayo ni meno ya plastiki."

Habari za meno ya plastiki nilikuwa nimezisikia. Zilikuwa zimeenea kila mahali wakati ule. Walisema watoto wa siku hizi wanaota meno ya bandia ndani ya ufizi, na yasipong'olewa mtoto anakauka mpaka afe.

"Kuna mzee ng'ambo ya bonde anayatoa," aliendelea. "Anachokoa kwa spoki ya baiskeli, dakika moja tu. Mtoto analia mara moja, kisha analala kama kawaida."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikamata. Analala kama kawaida. Sikuuliza spoki inaoshwa na nini, wala damu inakauka lini. Nilimwambia kesho asubuhi nitampeleka.

Usiku huo mtoto alilia tangu giza lilipoingia. Nilikuwa nimefika mahali ambapo sikuwa namhurumia tena. Nilikuwa nasikia kelele tu. Nilimweka kitandani, nikakaa sakafuni na kuegemea ukuta, nikaziba masikio. Ndipo niliposikia hodi.

Nilidhani ni mke wangu. Nilifungua mlango nikakuta mama mkwe, ameshika taa ya chemli, amejifunika kanga mbili, miguu imejaa matope mpaka kwenye vifundo. Alitazama pembeni.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikarudi nyuma mpaka karibu niangushe meza.

"Marahaba. Huyu mtoto tunamsikia mpaka kule chini. Baba mkwe wako ndiye amenituma. Amesema niende nikamwone mjukuu, kama ni mgonjwa tujue."

"Si mgonjwa, mama. Ni meno."

"Basi mweke kwenye mkeka."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka kwamba hatuwezi kupeana kitu mkono kwa mkono. Nilimlaza mtoto kwenye mkeka katikati ya chumba, nikasogea hadi ukutani. Yeye akaja, akamwokota, akaenda naye upande wa jikoni nyuma ya pazia. Nilimsikia akimwimbia kwa Kishambaa. Mtoto aliendelea kulia vilevile. Kwa kweli nilifarijika kidogo kuona hata kwake hanyamazi.

Baada ya muda akaita kutoka nyuma ya pazia. "Kuna kijiko?"

"Kipo hapo kwenye beseni, mama."

Kwenye upenyo wa pazia nilimwona akikiosha kwa maji ya moto yaliyokuwa kwenye chupa, akafungua dirisha, akakiweka kwenye kizingiti nje. Kwa baridi ile hakikuchukua muda. Akakirudisha, akawa anamgusisha mtoto kwenye ufizi kwa upande wa nyuma, taratibu. Mtoto alishtuka, akanyamaza, akanyonya kile kijiko. Tulipata kimya kidogo. Kijiko kilipopata joto, kilio kikaanza tena.

Katika kile kimya ndipo nilipomweleza habari ya mzee wa ng'ambo na meno ya plastiki. Sijui kwa nini nilimwambia. Nadhani nilitaka mtu mzima anipe ruhusa.

"Mimi hayo siyajui," akasema. "Nilipolea watoto wangu, hiyo plastiki yenyewe haikuwapo. Tulibeba maji kwa vibuyu. Na wote walivimba ufizi hivihivi." Kisha akauliza, "Anaharisha?"

"Hapana."

"Ana joto kali?"

"Hapana, mama. Kidogo tu."

"Akipata joto kali tutampeleka zahanati. Kwa huyo mzee wa spoki, mjukuu wangu haendi. Mwambie na mwenye duka nimesema mimi."

"Sasa tufanye nini?"

"Tutambeba tu, baba. Hakuna kingine. Wewe lala, nikichoka nitakuamsha."

Nililala juu ya vipande vya vitambaa nilivyokuwa nimevikusanya pembeni, palepale, mbele ya mama mkwe, mdomo wazi bila shaka. Aliponiamsha, alinigusa bega kwa mpini wa mwiko. Mtoto alikuwa kwenye mkeka. Nikambeba, nikazunguka meza, na yeye akajilaza kwenye mkeka uleule, amejifunika gubigubi. Alikoroma. Baadaye nilimwamsha kwa kukohoa. Tulikwenda hivyo kwa zamu, na kila mara mtoto alipitia kwenye mkeka, mpaka mara moja alipogoma kabisa kuwekwa chini. Alininasa shingoni akapiga makelele. Nilisimama katikati ya chumba nisijue la kufanya. Mama mkwe alinyoosha mikono.

"Lete," alisema. "Mungu anatuona tulivyochoka."

Nikampa. Mikono yetu iligusana chini ya mgongo wa mtoto.

Alfajiri alitoka akawahi kumgeuza mumewe. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walimwona akitoka mlangoni kwangu, na mpaka jua linapanda kijiji kizima kilikuwa na habari hiyo. Mama mwenye duka aliniuliza mbona sijaenda ng'ambo. Nilimwambia bibi wa mtoto amekataa. Akaguna, lakini hakuendelea, maana bibi ni bibi.

Jioni mama mkwe alikuja tena, kukiwa bado kweupe, na mkeka wake mwenyewe kichwani. Watu wakamsalimia, naye akawaitikia bila haraka.

Mke wangu alirudi siku iliyofuata, mchana. Kabichi zilikuwa zimeoza nusu kabla hazijafika Kariakoo. Alikuwa ananuka dizeli, macho mekundu, sauti imekauka. Alimkuta mama yake kwenye baraza yetu na mtoto begani. Alinyoosha mikono, na mtoto akageuza uso, akauficha shingoni mwa bibi.

Mke wangu aliketi chini pale alipokuwa, mizigo ikiwa bado mkononi, akalia. Mama yake hakumbembeleza. Alimwambia tu, "Nawa mikono, umtazame mdomoni."

Alinawa. Akaingiza kidole, mtoto akakiuma kwa nguvu, na mke wangu akapiga yowe, kisha akacheka huku machozi yakimtoka. Gego lilikuwa limechomoza, ncha moja tu, kali kama kichwa cha pini.

"Limebaki la upande wa pili," alisema mama mkwe, akimkabidhi mtoto. Alikunja mkeka wake, akaniambia, "Haya, baba, tutaonana," akashuka bondeni. Mtoto alilia kidogo akimtaka, kisha akachoka. Tulimlaza katikati yetu, tukasinzia, mke wangu na nguo zake za safari vilevile, mlango wazi, na hatukusikia hata mteja aliyekuja kuulizia zipu yake.