Kuanika Mahindi, Kuanika Mtu

Harufu ya mahindi yanayokauka juani ni tamu na ya vumbi, kama ya unga kabla haujawa unga. Kila baada ya mavuno, kwetu Moiben, nyua ziligeuka nyeupe kwa mahindi yaliyoanikwa juu ya maturubai. Dada yangu Chebet, aliyenitangulia kwa kila kitu, hata kaburini, alipita katikati yake peku, akiyageuza kwa miguu polepole kama anayeota. Kisha alitia punje moja mdomoni, akaiuma. Ikilia ka, imekauka. "Bado," aliniambia. "Hii ni maji tu."

Kwetu, aliyeanika hakuondoka bila kumwachia mtu wa kukaa na mahindi yake. Lakini mwaka huo Mama alikuwa hasemezani na jirani yetu, Mama Wambui, kwa sababu ya kuku wake waliodonoa mahindi yetu. Siku moja Mama Wambui alienda mjini, na kwa hasira hakutuachia neno. Dalili ya mvua ni mawingu. Yalipopanda, Chebet aliruka mahindi yetu, chakula chetu cha mwaka mzima, akakimbilia ya jirani.

"Chebet! Na yetu?" nililia.

"Yetu yako na mtu! Vuta turubai!"

Nilivuta, lakini nilikuwa mdogo. Nusu ya mahindi yetu ililowa.

Jioni, Mama alikuwa bado anamgombeza Chebet wakati Mama Wambui alipoingia uani, turubai lake begani. Hakushukuru wala hakuomba msamaha. Alipiga magoti, akaanza kutandaza mahindi yetu pamoja nasi. "Sogea huko, Mama Chebet," alisema. "Unaanika kama mtu anapanda maua." Mama alijaribu kununa, akashindwa, akacheka.

Chebet tumemzika mwaka huu. Binti yake anaishi nami Kapsoya. Juzi alinionyesha simu akicheka. "Anti, cheki huyu dem, ameanikwa!" Niliona msichana akilia, siri yake imetandazwa, na chini ya picha yake maoni ya watu wakimcheka. Sijui nani aliliingiza neno hilo kwenye simu. Nadhani ni mtoto wa ua kama wetu, ila alisahau nusu ya kazi.

"Na nani amekaa naye?" niliuliza.

"Na nani?"

"Huyo msichana. Hapo alipoanikwa."

Alinitazama kwa macho ya mamake. "Hakuna mtu, Anti," alisema. Kisha akainamia simu, akaanza kumwandikia.