Mwaka Nilioota Ndevu

Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, mtoto mgongoni, kwa hiyo nikipinda njia mnivumilie. Mimi ni mwanamke, mama wa watoto wanne, na nimewahi kuota ndevu.

Tulikuwa kijiji kipya cha ujamaa, huku Gwata. Nikaanza kuchoka. Jembe la shamba la kijiji likanishinda, wenzangu wakaniita mtegeaji. Halafu fizi zikatoka damu, viganja vikawa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Mume wangu akanipakia lori la korosho mpaka hospitali kubwa Dar es Salaam. Mle lorini mbuzi wa watu alinitafunia khanga mpya, lakini tuyaache hayo.

Daktari akanichoma nyongani sindano nene kama msumari, akavuta uboho, ule urojo wa ndani ya mfupa. Baadaye akaniambia, "Mama, damu hupikwa ndani ya mifupa. Humo zimo chembe mama, ndizo zinazoizaa. Zako zimelala. Nitakupa vidonge vya homoni ya kiume, huenda vikaziamsha. Hiyo homoni ndiyo inayowafanya wanaume wawe na damu nyingi kidogo kuwashinda ninyi."

"Sasa nitageuka mwanaume?"

"Hapana. Ila ndevu zinaweza kuota, na sauti ikawa nzito. Lakini usiache dawa, utakufa."

Kweli, kidevu kikachipua. Nikiita kuku, majirani walidhani mume wangu karudi kutoka shamba. Nikifika kisimani, wanawake walijitwisha ndoo wakaondoka. Nikaona heri nife mwanamke kamili, nikaanza kuficha vidonge chini ya mtungi.

Mume wangu alivikuta. Alinibembeleza, alinigombeza, wapi! Ndipo akaenda kwa jirani yetu Mnyamwezi, aliyekuja zamani kukata mkonge akalowea. Sisi Wazaramo na wao ni watani. Akikutukana humwekei kinyongo, na ukifa yeye ndiye anayechekesha matangani, akikuiga ulivyotembea na ulivyosema.

Mtani huyo akaja mchana, wanawake wamejaa uani tunamenya muhogo.

"Shikamoo, mzee mwenzangu!"

"Marahaba, mtumwa wangu. Unataka nini?"

"Nasikia umeacha dawa. Vizuri! Kufa upesi, mimi nimeshaanza mazoezi."

Akaanua khanga yangu kambani, akajifunga. Akajibandika sufi kidevuni, akatembea kwa kujikokota kama mimi, akaunguruma: "Kuku-kuku-kuku! Njooni kwa baba!"

Wanawake wakaangua kicheko, wengine chini. Mimi nami, hasira na kicheko vikanijia pamoja.

"Utangoja sana," nikamwambia. Nikainua mtungi, nikameza kidonge mbele yake.

Tangu hapo kila Ijumaa alikuja na wembe. "Wazee, tunyoane!" Tulinyoana uani, mkewe akituletea maji, na wale wa kisimani wakaja kutazama, kisha wakabaki kupiga soga. Pole pole rangi ya viganja ikarudi. Daktari akapunguza dawa, mwisho akaniachisha. Ndevu zikaniaga. Sauti ikakataa kuondoka, ninayo mpaka leo, wajukuu wananiogopa gizani.

Mtani wangu akatangulia yeye. Matangani kwake watu wameinama, hakuna wa kuthubutu kuchekesha. Mkewe akanitazama mimi. Nikavaa kofia yake, nikachukua wembe, nikapita katikati ya watu nimetanua kifua kama yeye.

"Shikamooni, wazee wenzangu! Nani ana ndevu hapa?"

Sauti ilikuwa yake kabisa. Mkewe ndiye aliyeanza kucheka.