Jiwe la Mlango wa Nyumba ya Wote

Kahindo alikuwa na vidole kumi kama mtu mwingine yeyote, ila mlango ule haukukubali hata kimoja. Miaka ya kuponda mawe ya volkano kule Munigi, nje kidogo ya Goma, ilikuwa imezilamba ncha za vidole vyake zikawa laini kama mgongo wa kijiko. Akibonyeza kile kioo kidogo cha ukutani, taa nyekundu inawaka, na sauti ya mwanamke, Kifaransa chake kimepigwa pasi, inamwambia hajulikani.

Hajulikani! Na jengo lenyewe limekalia mawe yake. Kokoto yote ya sakafu ile yeye na wenzake ndio walioiponda, vijana wakaisomba kwa chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, yakilia mlimani. Ukuta ulipokauka, wakubwa wa shirika la misaada wakaandika kwa rangi ya buluu NYUMBA YA WOTE, kisha wakatia mlango wa kisasa unaofunguka kwa alama ya kidole. Walisema ni ili huduma imfikie kila mtu. Kila mtu mwenye kidole kizuri, hilo hawakulisema.

Ndani kulikuwa na cherehani. Kahindo alikuwa amepewa moja katika mafunzo ya ushonaji, na cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuachana na nyundo. Shida ni kwamba mahudhurio yalihesabiwa na mlango. Mwezi ukiisha mlango haujakuona, mashine yako anapewa mwingine. Na mwezi ulikuwa unaisha Ijumaa.

Kila asubuhi Damascène, mlinzi, alimfungulia kwa kidole chake mwenyewe. Mtu wa huruma, Damascène, lakini huruma yake iliandikwa kwa jina lake. Kwa hesabu ya mlango, yeye aliingia ndani mara nyingi kuliko panya, na Kahindo hakuwahi kukanyaga.

"Mama Kahindo, leo umepaka mafuta?" Damascène akamuuliza Ijumaa hiyo.

"Nimepaka. Jana mawese, juzi ile ya mutoto. Kesho nitakikaanga kabisa hiki kidole, nikikule na sombe."

Kando yao Mukamugema, mama mzee asiyeona, mfumaji wa vikapu, naye akihesabiwa na mlango huohuo, alikuwa akipapasa ukuta akitafuta kioo. Kioo laini kwenye ukuta laini, utakishika wapi? Vidole vyake vikatua juu ya kibao cha chuma.

"Hiyo ni kibao ya wafadhili, mama," akasema Damascène.

"Ee, hii banaitengeneza muzuri sana. Herufi yote naisikia."

Siku nyingine Kahindo angecheka. Leo aligeukia barabara, akilingoja gari la msimamizi.

Msimamizi, Papa Evariste, ambaye mtaa mzima unamwita Kordo, akashuka kwenye gari lake. Kidole, taa ya kijani, karibu baba.

"Kordo, bonjour. Leo mwezi inaisha, na jina langu haiko."

"Mama Kahindo, tulishaongea. Mashine haina ubaguzi. Inapima batu bote sawa."

"Na nyundo ilipima bote sawa? Weye uliponda jiwe gani?"

"Pumuzisha mikono. Mwezi moja bila kuponda, alama itarudia."

"Mwezi moja bila kuponda, batoto bakule alama?" Kahindo akasogea karibu. "Utupatie kadi. Ama ufunguo. Ama utuandike na bic, kama zamani. Na huyu mama asiyeona, umuwekee kitu ya kushika."

"Bic ni kurudia nyuma, mama. Bageni bakikuja banapenda kuona teknoloji."

"Ah. Kumbe mulango ni ya bageni."

Kordo akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, kama tajiri anayekaa kitini.

Goma nzima, nani asiyejua kushikilia mlango? Kila nyumba ina jiwe lake jeusi lenye matundu. Asubuhi linawekwa chini ya mlango upepo wa ziwa usiubamize, na jirani akiliona anajua hapa watu wapo, ingia. Kahindo akazunguka nyuma ya ukuta, kwenye masalio ya ujenzi, akarudi na jiwe amelibeba kiunoni kama mtoto.

"Damascène, fungua."

"Mama, mulango ikibakia wazi, italia."

"Ilie. Miye nililia zamani."

Damascène akatazama dirisha la Kordo. Akatazama jiwe. Akaweka kidole.

Jiwe likatua chini ya mlango uliofunguka, na king'ora kikaanza kulia kama nguruwe wa Noeli. Pikipiki zikasimama barabarani. Kahindo akamshika Mukamugema mkono. "Twende, mama. Leo hakuna kioo." Wakapita. Nyuma yao wakaingia wanawake wenye madumu, wakiuliza kinagawiwa nini.

Kordo akatoka mbio, amejiziba masikio. "Toa hiyo jiwe!"

"Toa weye! Jiwe ya mulango inatolewa na mwenye nyumba, jioni, akifunga. Hii si nyumba ya bote? Basi niko mwenye nyumba. Na jioni haiyafika!"

Kordo akainama. Tai ikagusa vumbi, jiwe halikutikisika, na watu pale barabarani walikuwa wameshaanza kumhesabia: moja, mbili, pandisha! Akainuka. "Damascène!"

Damascène hakusikia. Vidole vyake, vile vinavyojulikana, vilikuwa vimeziba masikio.

Kahindo alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake. Kordo alipomfuata, jasho likimtiririka, hakuinua kichwa. Alimnyooshea kipande cha chaki ya kushonea na kartoni la nyuzi.

"Andika jina langu. Na ya Mukamugema. Kubwa, hata mugeni asome."

"Mama, kwanza tufunge mulango..."

"Andika."

Kule nje king'ora kilikuwa kimeanza kukauka sauti. Kordo akainama juu ya kartoni, akaandika. Kahindo akakanyaga mashine.