Sufuria Iliyozibwa kwa Unga

"Chakula hiki kimelala kwenye uvuguvugu, shangazi. Usikipakue," Zainab alisema, mkono juu ya kifuniko.

Bi Kijakazi, mwenye hoteli pale Dagoretti Corner, alimwambia auondoe kabla haujawa kitoweo. Nyama ilikuwa na mhuri wa machinjio. Kifuniko kilizibwa kwa unga uliokandwa tangu usiku, gunia juu. Nzi angepita wapi? Zainab alikibandua kifuniko. Aliikwangua sufuria, akatia kidogo chupani, pilau yote iliyobaki akaimwaga mtaroni mbele ya wachinjaji waliokwisha kunawa mikono.

"Utanilipa," Bi Kijakazi akasema. "Na sitaki pesa. Pilau kwa pilau."

Zainab alikuwa binti ya Mabruki, fundi cherehani wa mjini. Alisoma sayansi Makerere, akarudi mwaka wa sitini na sita kuchunguza vijidudu vya chakula katika maabara moja huko Kabete. Watu walidhani anaosha chupa. Baba yake alijigamba kuwa bintiye ni daktari. Akiulizwa wa nini, anadai uzi umekatika.

Wachinjaji walikuwa wakishikwa na tumbo, na lawama zote zikaiendea nyama. Zainab aliipima, ikawa safi. Ndipo akaifuata sufuria. Ile chupa ilijaa vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Hupenda uvuguvugu, huchukia hewa. Unga na gunia vilivijengea nyumba. Usafi wa Bi Kijakazi ndio uliovifuga.

Lakini mkubwa wa Zainab kule maabara alitaka jaribio la pili, hotelini humo humo, ama utafiti ufungwe. Bi Kijakazi, aliyesikia tu kwamba ameitwa mchafu, akamfungia mlango: kwanza deni. Zainab akaleta pilau aliyoipika kwao. Hata mbwa wa machinjio waliinusa wakapita.

Basi akaomba apikie palepale, mdai wake akimwangalia. Akafundishwa kukaanga vitunguu kama mtoto. Nusu ya pilau ikazibwa kama kawaida, nusu ikatandazwa kwenye masinia ipoe upesi. Asubuhi, ile ya sufuria ilikwenda Kabete yote. Ya masinia ikachotwa kidogo ya kupimwa, iliyobaki ikapashwa hadi ikafuka, wachinjaji wakaila.

Hakuna aliyeshika tumbo. Majibu ya maabara nayo yakaja: ya sufuria imejaa vijidudu, ya sinia karibu haina kitu.

Bi Kijakazi aliyasikiliza huku akiukanda ule unga wa kuzibia. Akausukuma chapati.

"Chumvi ilizidi," akamwambia Zainab. "Lakini deni limekwisha."