Wifi Yangu na Funza wa Maharage

Mawifi tunajulikana kwa kutafuta kasoro, nami sijivui uanachama. Lakini mke wa kaka yangu nitamsifu mpaka mnichoke.

Ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Mkasi, kwa sababu mkasi haumtoki mkononi hata akienda kuchuma mboga. Nyuma ya nyumba yao ana kijishamba cha maharage mekundu yenye madoadoa, mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mwaka mmoja dumuzi waliingia kwenye kopo la akiba wakatoboa punje karibu zote. Zilizopona alizipanda. Hizo nazo zikifa, basi, mbegu ya mama yake ndiyo imekwisha.

Yaliota vizuri, kisha majani yakageuka manjano na miche ikaanza kunyauka hata baada ya mvua. Kaka yangu, ambaye kwake majivu ni dawa ya kila kitu kuanzia siafu mpaka kutu, aliyanyunyizia majani yote mpaka shamba likafanana na jiko lililozimwa. Miche ikaendelea kunyauka. Yeye akataka kuongeza majivu.

Wifi yangu hakubishana naye. Alikagua majani juu na chini, hakuona vidukari wala viwavi wa kusingizia. Aling'oa mche mmoja uliokuwa ukifa, akauleta ndani na kuulaza kwenye meza ya cherehani, kando ya gauni la mteja. Shina lilikuwa limevimba na kupasuka karibu na mizizi. Akachukua kile kijichuma cha kufumulia mishono, akalifumua taratibu kama pindo. Ndani mlikuwa na funza wadogo weupe, na vifuko vya kahawia vilivyojibana chini ya ganda.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Inzi anataga kwenye majani, mtoto wake anateremka ndani ya shina. Majivu yako hayamfikii, baba watoto."

Miche iliyokwisha kuoza shina aliing'oa akaichoma moto, na najua kila mmoja ulimuuma. Ile yenye nguvu kidogo akaipandishia udongo mpaka juu ya kidonda, ili itoe mizizi mipya hapo. Kaka yangu akamuuliza kama analima au anazika. Tukangoja. Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, alichutama pale akifukua kidogo kwa kidole. Siku moja akaniita nikaone: vijizizi vyeupe vilikuwa vimechomoza juu ya kidonda. Nilimkumbatia na matope yake yote. Nilijivuna kana kwamba nimemzaa mimi.

Mavuno hayakujaza hata sufuria. Kaka yangu akauliza yanapikwa lini. Mama Mkasi aliyaanika yakakauka kabisa, kisha akamwambia mumewe alete majivu yake, maana sasa ndipo yanapohitajika: dumuzi hawayapendi. Akayachanganya na mbegu, akazigawa katika makopo mawili. Moja akaniwekea mapajani.

"Hili lako, wifi. Zisikae tena nyumba moja."

Ana dada zake wa tumbo moja, lakini mbegu ya mama yao alinikabidhi mimi, wifi. Kopo lile nililibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani.