Nilimhonga Farasi kwa Mandazi

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeamua kufa nalo, lakini kwa kuwa picha yenyewe imebandikwa ukutani kwenye ile shule ya farasi, na kwa kuwa Neema ameshawaonyesha nusu ya watu wa Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa Ubelgiji, kwenye simu yake, naona afadhali mlisikie kwangu mimi mwenyewe kuliko kulisikia likiwa limetiwa chumvi. Kwanza nikiri: kosa lilikuwa langu, si la farasi. Farasi alifanya aliyoyafanya kwa sababu mimi, mtu mzima, fundi wa lifti ninayeaminiwa na majengo makubwa ya jiji hili, nilimpa hongo.

Tuanze na Furaha. Furaha ni binti wa Neema, ana miaka kumi na mmoja, na Neema ndiye mwanamke ninayetaka kumwoa (yeye ni wa Bukavu, mimi ni wa Korogwe, tunakaa Evere, na mapenzi yetu yalianzia ndani ya lifti iliyokwama, lakini hiyo tuiache). Neema hakuwa tatizo. Mwaka mzima na zaidi nimekaa meza moja na yule mtoto, nimemtengenezea baiskeli, nimekula sombe, kisamvu cha kwao, nikasifu hata ilipozidi chumvi, na bado akawa ananiita Monsieur Rajabu, kana kwamba nimekuja kusoma mita ya gesi. Si kwamba alikosa adabu. Adabu alikuwa nayo nyingi mno, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Tena Neema alishaniambia waziwazi, "Miye nakupenda, Rajabu, lakini kama mutoto hakukubali, ndoa haiko." Kwa hiyo mnaelewa nilikuwa napigania nini.

Basi ikafika ile likizo ya mwanzo wa Novemba, majani yanapopukutika, Neema akamwandikisha Furaha wiki nzima kwenye shule ya kupanda farasi pembeni mwa msitu wa Soignes. Watoto wanawapiga farasi brashi, wanaokota châtaigne, zile kokwa za kuchoma, msituni, wanachonga maboga, na Ijumaa kila mtoto analeta mzazi mmoja, mzazi anapandishwa farasi, na wote wanaingia msituni mpaka bwawani na kurudi. Neema alikuwa na zamu kazini, kwenye nyumba ya wazee anaowahudumia. Baba wa Furaha yuko Liège na ni mtu wa "nitakuja", sisemi zaidi ya hapo. Jioni moja nakaanga mayai, mtoto akaja akasimama mlangoni mwa jikoni, akaangalia soksi zake, akasema, "Monsieur Rajabu, vendredi uko na kazi?"

Ijumaa hiyo kazi nilikuwa nayo. Nikasema sina.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaanga mandazi ya iliki na tui, bakuli zima, maana tuliombwa kila mzazi alete kitu cha goûter, yaani vitafunio vya baada ya matembezi, na machache nikayafunga kwenye karatasi nikayatia mfukoni mwa koti, kwa sababu mimi nikiogopa huwa nashikwa na njaa. Asubuhi baridi ilikuwa ya kung'ata na masweta yangu yote mabichi kwenye kamba, nikavaa la Neema, la rangi ya waridi, lenye paka mkubwa kifuani anayemetameta macho. Nikajiambia koti litafunika, paka nani atamwona.

Kule shuleni mwalimu wao, Madame Lieve, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, akanikabidhi farasi jike anaitwa Mirabelle. Mimi farasi nilikuwa nimewaona kwa mbali tu, chini ya maaskari, na sikujua kwamba ukisimama karibu naye anakuwa mrefu hivyo, na anakutazama kwa jicho moja kama ofisa anayetafuta kasoro kwenye karatasi zako. Madame Lieve akatoa maelezo marefu kwa Kifaransa (Kifaransa changu ni cha lifti, najua kamba, kitufe na "imeharibika"), Furaha akanitafsiria. "Anasema huyu ndiye chef, mukubwa ya bengine bote, iko mpole. Anasema tena usimupe kitu ya kula, hata kidogo. Akionja tu, c'est fini, hatasikia tena mutu."

"Nimeelewa," nikasema, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Kisha Furaha akaenda kunitafutia kofia ngumu inayonitosha kichwa, nikabaki na Mirabelle peke yetu. Akapiga mguu chini. Akapumua puani kwa nguvu. Sasa nyie mnajua tulikotoka: ukiwa na shida mbele ya mkubwa, unafanyaje? Penye udhia penyeza rupia. Na mkono mtupu haulambwi. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikatoa andazi moja, nikamnong'oneza, "Mama, naomba unichukulie vizuri leo, usinidondoshe mbele ya mtoto." Akalipokea kwa midomo laini ajabu, akatafuna, akafumba macho, halafu akanilamba kiganja chote mpaka kwenye kifundo. Nikaona mambo yamekwisha, tumeelewana.

Shida ya kwanza ikawa kupanda. Kuna kingazi cha mbao unasimama juu yake, mguu kwenye kikuku, unajitupa kwenye tandiko. Lakini kila nikisimama pale Mirabelle anageuka kunitazama, maana mfuko uko upande wangu, nami nikizunguka kingazi ili nimpate ubavu naye anazunguka, tukawa tunazungukana pale kama watu wanaopishana mlangoni, wazazi wengine wameshakaa juu ya farasi wao wanangoja, mpaka Madame Lieve akaja akamshika kichwa. Furaha akanitazama. "Monsieur Rajabu, umemupa kitu?"

"Hapana," nikasema. Mdomoni kwa Mirabelle kulikuwa na chembechembe.

Tukaingia msituni, na niseme ukweli, nusu saa ile ya kwanza ilikuwa tamu kuliko siku zote nilizokaa nchi hii. Majani yalikuwa mekundu na ya dhahabu juu na chini, kimya, kwato zinasikika kwa mbali tu, Madame Lieve yuko mbele, sisi katikati, nyuma yetu baba mmoja mwenye buti zake mwenyewe za ngozi na msururu wa wengine. Njia ilikuwa pana, kwa hiyo Furaha alikuwa ubavuni kwangu kwenye farasi wake mdogo, ananifundisha: visigino chini, tazama katikati ya masikio, usivute hatamu, anaumia mdomo. Alikuwa anafundisha kwa upole, kama mama yake. Halafu bila mimi kuuliza akaniambia likizo zote mbili zilizopita alizokuja hapa yeye ndiye mtoto pekee aliyepanda bila mutu yake, akapangwa na Madame. Nikasema, "Leo upo na mimi." Akamsogeza farasi wake karibu zaidi na Mirabelle.

Hapo ndipo Mirabelle aliposimama.

Akageuza shingo mpaka pua ikafika gotini kwangu, mfuko ulipo. Nikamsukuma kwa visigino kama nilivyofundishwa, wapi. Msururu wote nyuma ukasimama, yule baba wa buti akasema kitu kilichokuwa na "monsieur" ndani yake lakini si cha heshima. Furaha alikuwa ametazama mbele kidogo, nami nikachukua nafasi hiyo kumega kipande, nikampa. Akaenda. Miti michache mbele, akasimama tena, pua gotini. Nikatoa tena. Mnaona ninavyojichimbia? Kila nikitoa, mwendo unakuwa mfupi zaidi, kama barabara yenye vizuizi ambako kila kizuizi kinapigia simu kinachofuata, na nyuma yangu foleni ya farasi imekuwa kama magari ya Porte de Namur watu wanapotoka ofisini. Bwawa lilishaanza kuonekana kati ya miti pale mkono ulipoingia mfukoni ukakuta karatasi tupu.

Nilimwonyesha karatasi. Nilimwonyesha kiganja. Akafikiri. Kisha akainua pua kwenye upepo, akageuka taratibu na mimi mgongoni, akaanza kurudi kule tulikotoka. Hakukimbia, nisimsingizie. Alitembea tu, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni. Na kwa kuwa ndiye mkubwa wao, farasi wa baba wa buti naye akageuka, na wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo, wazazi wanavuta hatamu na kuuliza nini kinatokea, na Madame Lieve akabaki huko bwawani na watoto wawili, anapiga kelele kutoka mwisho wa msafara aliokuwa mwanzo wake.

Mbele yetu, kati ya msitu na shule, kuna barabara ya magari, ile tuliyovushwa na Madame Lieve wakati wa kuja, na mimi breki za yule mnyama sizijui. Nilimwambia Furaha ukweli wote kwa sentensi moja. "Nilimpa mandazi, nisamehe, sasa nifanyeje?"

Mtoto hakucheka wala hakunikaripia. Alisikiliza sauti ya Madame Lieve kwa mbali ikimwambia "Furaha, prends la tête, au pas," yaani ashike mbele, mwendo wa polepole, akasema, "Unipe koti."

"Koti?"

"Harufu iko mu koti. Vua, vite, mbio."

Nikalivua, huku nimeng'ang'ania tandiko kwa mkono mmoja, na paka wa waridi akatoka kuiona Ubelgiji. Furaha akalilaza koti nyuma ya tandiko lake, akampitisha farasi wake mbele, na Mirabelle akalifuata lile koti bila kuuliza. Kwenye barabara mtoto akasimama, na sote tukasimama. Akainua mkono, gari zikasimama pande zote mbili, akatuvusha mmoja mmoja, watu wazima wote wale na buti zao, na dereva wa basi akatoa kichwa dirishani kumtazama paka wangu.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini uani kulikuwa na meza ndefu ya goûter, supu ya maboga, gaufre, babu na bibi za watu wameshika vikombe, na katikati ya meza bakuli langu. Mirabelle akaliacha koti, akanyoosha moja kwa moja, akasukuma kifuniko kwa pua, akaingiza kichwa. Nami juu. Kushuka sijui, maana sehemu ya kushuka ilikuwa ifundishwe mwishoni. Nikakaa pale juu na paka wangu kifuani, nawasalimia watu "bonjour, bonjour", huku chini farasi anafuta bakuli kwa ulimi. Hapo ndipo picha ilipopigwa.

Madame Lieve alipofika alimtazama Mirabelle, akalitazama bakuli, akauliza polepole nani amempa farasi chakula. Nikainua mkono kama mwanafunzi, nikasema, "C'est moi, madame." Akashusha pumzi ndefu, akaja kunishusha kwa mikono yake. Miguu yangu ilikuwa haikutani. Na yule baba wa buti, aliyekuwa na hasira zake na haki yake, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, huyu bwana amekuja na nani?

Watoto wote wa ile wiki walikuwa pale, wenzake Furaha, wanatazama. Naijua aibu ya umri ule. Mtoto hapo anatamani ardhi ipasuke. Nilishafungua mdomo kusema nimekuja peke yangu, na ningesema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, ili nimwokoe angalau na hilo moja, nirudi Evere kwa basi nikamweleze Neema kwamba nimeiharibu.

"Ni wa kwetu," Furaha akasema. Kisha akakumbuka pale hawajui Kiswahili, akasogea akasimama mbele ya paka wangu, koti langu mkononi, akarudia, "Il est à nous."

Sikulia. Baridi ndiyo iliyonitoa machozi, na Neema anaweza kusema anachotaka.

Basi nimejifunza, na nyie mjifunze kwangu: mkubwa ukimzoesha mandazi leo, kesho anaijua njia ya jikoni kwako. Sitampa tena kiumbe yeyote kitu kidogo, awe na miguu miwili au minne. Pasaka hii wametualika tena (Madame Lieve ni mtu wa msamaha, ingawa barua ilisema wazi nisilete chakula), na kabla ya kutoka nyumbani Furaha alinisimamisha mlangoni, akaanza kunipekua koti, suruali, hadi soksi, mimi mikono juu, Neema anacheka sebuleni.

"Tonton," akasema, maana siku hizi mimi ni mjomba, si Monsieur tena, "na huu mufuko wa ndani?"

Nikamfungulia auone.