Mara Tatu na Kipande

Mdoe alivuta mnyororo wa bwana mpima ardhi miaka kumi na mmoja, kutoka Mazingara mpaka Mnyuzi. Shule hakwenda, hesabu aliziokota kwa miguu. Kamba inayokatiza nyumba ya msonge katikati, ukiizungusha ukutani, inaingia mara tatu na kipande, kama sehemu moja ya saba. Msonge uwe mdogo au mkubwa, ni ileile. Halafu akaikuta mtoni. Pale Pangani inapojikunja kama utumbo wa mbuzi alipima ukingo kona kwa kona, kisha akapima njia iliyonyooka: mara tatu na kipande. Akajaribu kwingine, ikawa hiyohiyo. Alishinda akicheka peke yake. Bwana akamwita profesa mbele ya wapagazi, na mwanamume ukishamwita profesa umemharibu.

Mwaka arobaini na tisa shamba la mkonge likapewa ardhi ya ukingoni, kuanzia jiwe la mpaka hadi mkuyu fulani. Hati ilitaka urefu wa ukingo. Palikuwa na matope ya mapajani, Mdoe akasema ya nini kujisumbua: njia iliyonyooka, huku juu pakavu, ni minyororo ishirini, basi ukingo ni sitini na tatu. Bwana akaandika, ramani ikaenda Tanga.

Kumbe hapo mto haujikunji hivyo. Askari wa shamba walihesabu minyororo yao sitini na tatu kutoka jiwe, wakaupita mkuyu, wakaimeza migomba ya Hajira, dada yake wa pekee, na makaburi ya wanawe wawili.

Mdoe akaingia matopeni na mnyororo, kutoka jiwe hadi mkuyu. Thelathini na tano. Akarudia, thelathini na tano. Bwana alimsikiliza kwa upole, akasema ramani imeshapigwa muhuri.

Alimkuta Hajira akifunga mizigo ya kuhamia Kang'ata. Akaanza kumweleza habari za msonge na mto. Hajira akamwacha amalize.

“Kaka, siku ile ya kupima niliambiwa mnapita ukingoni. Nikachinja jogoo, nikasonga ugali wa watu sita. Nikakaa mlangoni mpaka jua likazama.”

“Kulikuwa na matope, dada.”

“Nilijua. Nilikuwekea na maji ya kunawa miguu.”

Masika yaliyofuata mkonge ukapandwa mpaka juu ya makaburi. Mdoe aliyajua yalipo, hatua kwa hatua kutoka mlangoni. Hakuthubutu kwenda kuzihesabu.